Kiti cha Bwana Chupa

Kwa kawaida mimi huamshwa na filimbi. Si ya polisi wala ya mlinzi wa getini. Ni ya mume wangu, ile aliyokuwa akiipuliza uwanjani enzi zake za urefa, ambayo siku hizi hulala nayo mfukoni. Kabla hakujakucha huipuliza kidogo tu, kama mtu anayepoza chai, nami najua Mzee anataka kuinuka. Natoka chumbani, nampitishia mikono chini ya makwapa, tunasema "haya" kwa pamoja, tunavuta. Kuna siku tunasimama papo hapo. Kuna siku tunarudi kochini wote wawili, mimi juu yake, tukabaki tunahema mpaka mmoja wetu aanze kucheka.

Tangu miguu imgomee hulala pale pale sebuleni, nusu kakaa nusu kalala, maana akilala chali kifua kinambana.

Asubuhi ile filimbi haikulia. Nilisikia mngurumo mdogo, laini, kama wa paka anayekunwa mgongo. Ukaendelea kidogo, ukakoma. Kisha nikasikia ndala zikiburuzwa sakafuni.

Nilijitanda shuka nikatoka. Mume wangu alikuwa amesimama dirishani, mkono mmoja kwenye nondo, anaitazama taa ya barabarani. Hakuna aliyemshika.

"Umesimamaje?" nikamuuliza.

"Kwa miguu," akasema. "Ulitaka nisimame kwa kichwa?"

Nyuma yake kulikuwa na kiti kikubwa cha rangi ya kahawia, kimeinama mbele kama mtu anayeokota kitu. Waya wake ulikuwa umechomekwa ukutani. Kiti hicho ukikibonyeza kitufe kinajiinua chenyewe, taratibu, kinakusukuma kwa nyuma mpaka unajikuta umesimama. Kilikuwa kimefika jana yake.

Nilikaa kwenye mkono wa kochi nikamtazama. Sikukumbuka lini niliuona mgongo wake umenyooka bila mikono yangu juu yake. Nilifurahi, lakini nilifurahi kwa uzito, kwa sababu binti yetu alikuwa anarudi asubuhi hiyo kutoka safari ya kamati, na mimi nilijua kiti kimetoka kwa nani.

Binti yetu ni mbunge, nasi tunakaa kwake. Watu wakisikia hivyo hudhani tunalalia mito ya hariri. Hawajui kanuni. Mbunge, au mtu yeyote anayeishi naye, hapaswi kupokea zawadi kwa mtu mwenye jambo lake bungeni. Ikishaingia kwa bahati mbaya, inarudishwa kwa mwenyewe au inapelekwa Ofisi ya Maadili, na inatangazwa, kila mtu asome. Binti yangu anaifuata kanuni hiyo kama mgonjwa wa moyo anavyofuata vidonge. Lakini yeye anashinda Bungeni. Anayekaa mlangoni ni mimi.

Tuna chumba cha nyuma ambacho kingefaa kupigia pasi. Humo ndimo zinamokaa zawadi, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina la aliyeileta, zikisubiri Ijumaa dereva wa binti yangu azizungushe kwa wenyewe. Kuna saa ya ukutani ilikaa humo mpaka betri ikaisha, kwa sababu mwenyewe kila siku alikuwa hayupo ofisini. Kuna mtu alifunga kuku hai getini akakimbia. Kabla ya Ijumaa kuku akataga. Binti yangu alisimama mbele ya lile yai kama hakimu.

"Yai nalo litarudi, Mama."

"Na kinyesi je, Mheshimiwa?" Mzee akamuuliza kutoka sebuleni. "Nacho tukifungashe?"

Yai lilirudi. Dereva alilizungushia gazeti, akaliweka kiti cha mbele, akalifunga mkanda. Nilimwona kutoka dirishani akilitazama mpaka anakata kona, na mpaka leo nampenda kwa ajili ya lile yai.

Lakini kazi hii inachosha. Kuna anayeleta kitu kwa hila, na kuna anayeleta kwa moyo, na wote nawarudisha kwa maneno yale yale: asante sana, lakini hapana. Yule wa hila anacheka, kesho anajaribu kwa mwingine. Yule wa moyo anakunja uso kama umemtemea mate. Huyo ndiye anayenichosha.

Sasa Bwana Chupa sikujua nimweke upande gani.

Jina hilo alipewa na mume wangu. Ni mtu wa makamo, mrefu, sauti ya chini. Wenye viwanda vya maji na soda wanamlipa awasemee kwa wabunge. Hiyo ndiyo kazi yake, na ni kazi halali. Wakati huo kulikuwa na muswada wa chupa, kwamba mwenye kiwanda akiuza maji kwenye chupa ya plastiki, ni juu yake kuhakikisha ile tupu inakusanywa. Kamati iliyouchambua iliongozwa na binti yangu. Mimi sikusoma sheria, ila muswada huo niliuelewa bila kufundishwa. Mtaro wa mbele ya geti letu umejaa chupa mpaka mdomoni, na mvua ikinyesha maji yanaingia kwa jirani yetu mshona nguo, inabidi apandishe cherehani juu ya meza.

Mara ya kwanza Bwana Chupa alikuja na kapu la matunda lenye utepe. Nikalirudisha mbele ya macho yake. Mara ya pili alikuja mikono mitupu, anamtafuta binti yangu. Nikamwambia hayupo, na mambo ya Bunge yanazungumziwa ofisini, karani akiwepo. Akasema ni kweli, Mama, samahani, akageuka aende zake. Ndipo Mzee akaita kutoka ndani:

"Wewe! Dama unaijua?"

Basi akawa anakuja Jumamosi asubuhi. Wanacheza kwa vizibo vya soda, vyekundu na vya kijani, juu ya ubao ambao Mzee aliuchora mwenyewe. Mume wangu hana adabu akicheza. "Leo nitakula vizibo vyako mpaka viwanda vyenu vifungwe," anamwambia, na yule mtu mzima anacheka mpaka anajifuta macho. Siku moja tu alijisahau akataja muswada. Mzee alipuliza filimbi, akachomoa leso yake ya njano, akamwinulia juu kama kadi. Hakurudia tena.

Binti yangu hakupenda. Aliwaarifu watu wa Maadili kwamba mtu huyu anakuja kumsalimia baba yake. Wakamjibu kwamba salamu si zawadi, ila awe macho. Akaniambia mlango wa sebule ukae wazi akiwepo, na nisimpe hata chai, wala tusile chake. Hebu fikiria, mgeni anakaa asubuhi nzima kwako na wewe umekunja mikono. Nilikuwa naona aibu mpaka naenda kujificha jikoni.

Kuna Jumamosi nilitoka huko jikoni nikamkuta amepiga magoti. Mguu wa mume wangu uko kwenye paja lake, anamkata kucha. Mimi kiuno hakiniruhusu tena kuinama hivyo, na binti yangu anafika nyumbani hata viatu vyake mwenyewe anashindwa kuvivua. Kucha za Mzee zilikuwa zimeanza kujikunja.

"Mama yangu nilimkata mpaka mwisho," akasema bila kuinua kichwa. "Mkono umezoea."

Mama yake alikuwa amefariki muda si mrefu. Walikuwa wanaishi wawili.

Na ni yeye aliyekuwepo siku tulipoanguka vibaya. Nilikuwa namwinua Mzee aende msalani, goti langu likaniacha, tukaenda chini mpaka zuliani. Bwana Chupa alituinua mmoja mmoja. Siku hiyo sisi tulicheka, yeye hakucheka.

Wiki iliyofuata nilikwenda kliniki kupima presha. Niliporudi, kiti kilikuwa sebuleni na mume wangu yumo ndani yake, anapanda na kushuka kama mtoto kwenye bembea.

"Kimetoka wapi?"

"Bwana Chupa kaniazima. Kilikuwa cha mama yake, kimekaa tu kinashika vumbi." Akaona uso wangu. "Usinitazame hivyo. Kuazimwa si kupewa."

Nilijua kipande cha karatasi kiko wapi, na gundi iko wapi. Nilikwenda mpaka mlango wa chumba cha nyuma nikarudi. Mwenye nyumba anakuja kesho, nikajisemea. Acha alale usiku mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka asubuhi ile ya kiti badala ya filimbi.

Binti yangu aliingia jua limeshapanda, begi begani, macho mekundu ya safari. "Shikamoo Mama. Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama," Mzee akamjibu. Humwita mama kwa kuwa ana jina la mama yake mzazi. "Usiweke begi chini kwanza. Tazama."

Akabonyeza. Kiti kikaguna, kikamwinua, naye akasimama mbele ya binti yake, akapiga saluti. Binti yangu aliachia begi. Alicheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu achaguliwe, akamkumbatia baba yake wamesimama wote wawili, kifua kwa kifua. Kwa muda mrefu amezoea kumkumbatia kwa kuinama. Nilitamani asiulize.

"Kimetoka wapi?"

Tukamwambia. Akakaa kwenye kochi la zamani, hakuvua hata mtandio.

"Baba, wiki hii tunapigia kura muswada wa chupa."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia kimeazimwa."

"Kuazimwa kumo kwenye kanuni. Na wewe unaishi kwangu, umo kwenye kanuni."

"Mtu huyu ananikata kucha," Mzee akasema. "Nayo imo?"

Binti yangu akaziba uso kwa viganja vyake. "Baba, mimi sisemi ana moyo mbaya. Kanuni haiulizi moyo wa mtu. Inauliza anafanyia kazi nani."

Akapiga simu Maadili yeye mwenyewe, mbele yetu.

Alikuja afisa mmoja mwanamke, si kijana, miguu imevimba kwenye viatu. Nikamletea maji ya bomba kwenye glasi, akauliza kwa utani kama nayo atayaandika. Alitaka kupiga picha ya kiti, na Mzee hakutaka kutoka. Wengine wangemwondoa. Yeye alisogea akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akamwambia, "Nisikupige ukiwa hivi, Babu, wajukuu wataona." Kisha akapiga.

Binti yangu akamuuliza kama anaweza kukinunua.

"Kwa mtu huyu? Wiki ya kura?" Afisa akatikisa kichwa. "Mheshimiwa, bei hiyo utaieleza mpaka uzeeni."

Vipya huagizwa kutoka nje, bei yake inakaribia ya gari. Hilo tulishaliuliza zamani.

"Ziko njia mbili," akasema afisa, akijisugua kifundo cha mguu. "Kiti kirudi, nawe uendelee na kamati yako. Au kiti kibaki, nawe ujitoe kwenye muswada huu, usiuongoze wala usiupigie kura. Vyovyote vile tutatangaza." Akamtazama Mzee. "Kingekuwa cha mtu mwingine yeyote, Babu, ningekunywa chai hapa nikaenda zangu. Nami nina baba."

Alipoondoka, binti yangu alinifuata jikoni. Akafungua bomba, akanawa uso, akabaki ameinamia sinki huku maji yanamtiririka kidevuni.

"Kikae, Mama. Nitajitoa."

Nilikuwa namenya viazi, nikaendelea kumenya.

"Umemwona alivyosimama?" akasema. "Na wewe, nikipita mlangoni kwako nasikia unavyoguna kila ukijigeuza. Nimekimbilia matatizo ya kila mtu jimboni. Wazazi wangu nimewafanyia nini? Nimewaletea chumba cha kuku."

"Na muswada?"

"Ataongoza makamu."

Makamu wake alikuwa ameshasema hadharani kwamba muswada ule utaua viwanda. Akiongoza yeye, na kura ya binti yangu haipo, ungekufa siku hiyo hiyo. Tulilijua hilo wote wawili, na hakuna aliyelisema.

"Nimechoka kukataa, Mama," akasema.

"Najua, mwanangu. Hata mimi."

Nataka kusema ukweli. Moyo wangu ulikuwa unasema, kikae. Niliwaza kuamka kesho na keshokutwa kwa ule mngurumo wa paka. Niliwaza kuendelea kulala nikiusikia. Mshona nguo alikuja kichwani mwangu na cherehani yake juu ya meza, nikamsukuma pembeni.

Ndipo filimbi ikalia. Si ile ya kupoza chai. Ilikuwa ndefu, kali, ile ya kumaliza mchezo, sijaisikia tangu astaafu. Tulikimbia sebuleni tukidhani ameanguka. Alikuwa amekaa kitini, wima, filimbi mkononi.

"Jikoni kwenu hakuna mlango," akasema. "Nimesikia yote. Kaa chini, Mheshimiwa."

Binti yangu akakaa. Baba yake akimwita Mheshimiwa, ujue amekasirika.

"Kabla ya ile fainali yangu ya kwanza, timu moja iliniletea viatu. Vipya, vya ngozi. Vyangu vilikuwa vimechanika, kidole kinachungulia. Mama yako anajua."

"Najua," nikasema. "Nilikivalisha soksi nyeusi kisionekane."

"Nikavirudisha. Nikachezesha na kidole changu nje. Soksi ilitoboka dakika za mwanzo, watu wakanizomea uwanja mzima. Lakini nilipoonyesha penalti, timu ile ile ndiyo iliyofungwa, na hakuna hata mmoja aliyesema refa kanunuliwa. Walisema refa maskini. Hilo nalikubali." Akapumua, maneno mengi yanamchosha. "Sasa wewe unataka kutoka uwanjani mchezo haujaisha, kisa baba yako anataka kukaa vizuri. Wamwachie filimbi nani? Huyo makamu wako?"

"Baba, utasimamaje?"

"Kama nilivyosimama juzi. Mama yako yupo. Na wewe upo, ukipatikana."

Hilo lilimwingia. Nililiona likimwingia. Akasema, "Nitaamka mimi. Kila asubuhi nitakuinua mimi kabla sijaenda kazini."

"Usiniahidi kama mbunge."

"Nakuahidi kama mtoto wako, basi."

"Hapo sawa. Mpigie mwenzangu aje achukue kiti chake. Wewe usizungumze naye mengi, mpe simu mama yako."

Kabla Bwana Chupa hajafika, nilimwona binti yangu anavua mtandio wake, anapiga magoti, anaupima kutoka sakafuni mpaka kwenye kikalio cha kiti kilipokuwa kimeinuka nusu. Akapiga fundo hapo. Jioni dereva alinieleza kwamba alimpeleka kwa seremala na mtandio huo, akamwomba atengeneze kiti cha kawaida cha mbao, lakini kirefu kufikia lile fundo, chenye mikono imara ya kujisukumia.

Nikuambie kabisa mambo ya kamati yaliishaje, usije ukangoja. Binti yangu aliongoza kikao. Kabla ya kura mtu mmoja alisimama akalisoma lile tangazo la kiti kwa sauti, akitumaini kumwaibisha. Binti yangu akamshukuru, akasema kiti kimesharudi, wakaendelea. Wakabishana mpaka jioni, halafu muswada ukapelekwa kikao kijacho cha Bunge ili "ufanyiwe utafiti zaidi". Haukufa, haukupita. Alirudi nyumbani akala viazi baridi akiwa amesimama. Mtaro wetu uko vile vile.

Lakini nilikuwa nasimulia habari za kiti.

Bwana Chupa alikuja na gari dogo la mizigo ambalo aliliendesha mwenyewe, akiwa amevaa fulana, bila suti yake. Binti yangu alikuwa ameondoka makusudi, wasikutane. Dereva wake alibaki kusaidia kubeba.

Tulitaka kumwinua Mzee tumhamishie kochini. Akakataa. "Kitaniinua chenyewe, mara ya mwisho." Akabonyeza kitufe, kiti kikaguna, kikampandisha, naye akasogea hatua ndogo ndogo mpaka dirishani, akashika nondo. Akasimama hapo akitutazama kama anayesimamia wachezaji.

Nilichukua kitambaa nikifute kiti. Hurudishi kitu cha watu na jasho lako. Kwenye mfereji kati ya kikalio na mkono, kidole changu kiligusa kitu cha chuma. Ilikuwa pini ya nywele, nyembamba, na nywele moja nyeupe imejisokota juu yake.

Nikampa. Aliitazama kwenye kiganja muda mrefu. Dereva akajifanya anatafuta mahali pa kukunja waya. Mtoto wa watu mstaarabu sana yule.

"Sikukinunua, Mama," Bwana Chupa akasema. "Nataka ujue."

"Nimejua tangu siku ya kwanza. Mkono wa kulia umechakaa, wa kushoto mzima. Mama yako alikuwa anaegemea upande wa redio?"

"Upande wangu," akasema. "Nilikuwa nakaa kulia."

Nikamwuliza nililotaka kumwuliza. Umri huu sina tena haya. "Mwanangu, ulikileta kwa sababu ya muswada?"

Aliizungusha pini kiganjani kwanza, nami nikamheshimu kwa hilo.

"Sijui, Mama. Niliona mmeanguka. Usiku sikulala. Asubuhi nikasema, kiti cha mama kipo tu. Hapo hakukuwa na muswada kichwani." Akaifunga pini kwenye kiganja. "Lakini nilipokuwa nakifunga kamba kwenye gari, nikawaza, na wiki hii ina kura. Nililiwaza. Halafu nikaendelea kufunga kamba. Kazi hii nimeifanya muda mrefu sana, kila nikimfanyia mtu jambo zuri nasikia kama kuna mwingine ndani yangu anaandika risiti."

"Pole," nikasema. Nililimaanisha.

"Na kuja kwangu hapa pia kusimame," akasema. "Mheshimiwa hajaniambia. Naona mwenyewe. Watamsema."

Walikibeba kiti, yeye mbele, dereva nyuma. Mlango ulikuwa mwembamba, wakakigeuza ubavu, mguu wake mmoja ukakwaruza rangi ya ukuta. Alama ipo mpaka leo, sijaipaka. Sebule ikabaki na alama za miguu ya kiti zuliani pale kilipokuwa.

Mzee alikuwa bado dirishani. Miguu ilikuwa imeanza kumtetemeka, nikasogea nimshike kiuno. "Ngoja," akaniambia. "Bado kidogo."

Kule nje Bwana Chupa alikuwa anafunga kamba. Kwenye meza ubao wa dama ulikuwa umebaki kama walivyouacha Jumamosi, na kwa jinsi ninavyoelewa mimi mchezo huo, mume wangu alikuwa anashindwa. Yeye hajawahi kukubali.

Alipuliza filimbi. Kidogo tu, ile ya kupoza chai.

Bwana Chupa akageuka, kamba mkononi.

"Sikiliza," mume wangu akamwambia kupitia nondo, akivuta pumzi kati ya maneno. "Hao wenye viwanda siku wakikuchoka, au wewe ukiwachoka. Au huo muswada ukishapita, au ukishazikwa, mimi sijali lipi linatangulia. Vizibo vyako sivigusi. Uje tena. Usilete kitu. Lete huo mkono wa kukatia kucha, na uje."